Kupima presha ya ubongo bila kutoboa fuvu: mwongozo kamili kwa wanaokesha na majeruhi wa kichwa

Neno "presha" liliwahi kunipotosha, na nusura limgharimu mtu maisha. Nilikuwa daktari wa mafunzo kazini katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Aliletwa kijana wa bodaboda aliyegongwa usiku Barabara ya Mandela, kichwa kimevimba upande wa kulia, hana helmeti. Kufikia alfajiri presha yake ilisoma 190 kwa 100, mapigo ya moyo 52. Nikafanya nilichozoea kumfanyia mtu mwenye presha: nikaandika dawa ya kuishusha. Muuguzi mkuu wa zamu, mama mtu mzima, akanishika mkono kabla sindano haijavutwa. "Dokta, hii siyo presha ya moyo, ni ya kichwa. Ukiishusha utamuua." Akawasha tochi, akafunua kope. Mboni ya kulia ilikuwa imetanuka, mwanga unaingia nayo haishtuki.

Dawa haikuchomwa. Kijana akapelekwa kupasuliwa asubuhi ile ile.

Alichokiona yule mama kilielezwa na daktari mpasuaji Harvey Cushing mwanzoni mwa miaka ya 1900: presha inapanda, moyo unapunguza mwendo, pumzi inavurugika. Ubongo uliobanwa unanyimwa damu, basi mwili unapandisha presha kuisukuma damu ifike kwa nguvu. Ni dalili ya kuchelewa. Ukisubiri dalili hizo tatu zitimie ndipo ushtuke, umeshapoteza saa nyingi ulizokuwa unazihitaji. Mwongozo huu unahusu saa hizo.

Ninamwandikia muuguzi, daktari au ofisa tabibu mwenye mgonjwa aliyeumia vibaya kichwani, mwenye alama za Glasgow (kipimo cha fahamu, kwa kifupi GCS) 8 kushuka chini, mahali ambapo hakuna waya wa kuingiza ndani ya fuvu kupima presha. Waya huo bado ndio kipimo cha uhakika. Lakini bei yake ni kubwa, hutumika kwa mgonjwa mmoja tu, unahitaji mpasuaji wa kuuweka, na unaweza kuleta damu au maambukizi. Kwa wengi wetu hautakuwepo usiku huu.

Na kutokuwepo kwake si sababu ya kukata tamaa. Mwaka 2012 timu ya Randall Chesnut ilichapisha utafiti uliofanyika Bolivia na Ekwado kwa wagonjwa 324. Kundi moja lilitibiwa kwa kufuata waya, jingine kwa kufuata CT-skani, yaani picha ya mionzi ya ndani ya kichwa, na uchunguzi wa mwili unaorudiwa kwa ratiba. Matokeo ya makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa maana. Watu hulitafsiri vibaya jambo hili, wakasema kupima hakuna faida. Sivyo. Kundi lisilo na waya lilichunguzwa kwa ukali sana, saa baada ya saa, na lilitibiwa kwa utaratibu uliokubaliwa. Tunachopaswa kuiga ni ukali huo.

Kinachotokea ndani ya fuvu

Fuvu la mtu mzima halitanuki kiasi cha kuongeza nafasi. Ndani yake mna abiria watatu: ubongo wenyewe, takriban asilimia 80 ya nafasi, damu, asilimia 10, na maji ya ubongo, asilimia 10. Wazo hili liliandikwa na Alexander Monro mwaka 1783, na George Kellie akaliongezea ushahidi 1824. Kwa wanafunzi hulieleza kwa daladala ya Mbagala jioni: viti vimejaa, watu wamesimama hadi mlangoni, mlango umefungwa. Akilazimishwa kupanda abiria wa nne, bonge la damu au uvimbe, lazima mwingine ashuke. Wa kwanza kushuka ni maji, hukimbilia kwenye uti wa mgongo. Wa pili ni damu ya vena, mishipa inayoirudisha damu kwenye moyo. Wakishatoka hao, hakuna tena wa kumpisha mtu. Mililita chache zaidi zinapandisha presha ghafla, na ubongo unaanza kusukumwa kuelekea tundu la chini ya fuvu, ambako shina lake, linaloongoza pumzi na moyo, linabanwa.

Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuongea saa mbili usiku, na saa sita akawa haamki. Hakubadilika ghafla. Alikuwa anatumia akiba yake.

Presha ya ubongo ya kawaida kwa mtu mzima aliyelala ni kama milimita 7 hadi 15 za zebaki. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2016 inataka matibabu yaanze ikivuka 22. Ila namba ya kuiweka akilini zaidi ni tofauti kati ya wastani wa presha ya damu na presha ya ubongo, maana hiyo ndiyo nguvu inayobaki ya kuusukumia ubongo damu. Tunaitaka iwe 60 hadi 70. Mwenye wastani wa 85 na presha ya ubongo 15 anabaki na 70, yuko salama. Presha ya ubongo ikifika 30, anabaki na 55, na seli zinaanza kufa huku skrini ya mashine ikiendelea kuonyesha presha nzuri ya damu.

Hatua ya kwanza: mweke sawa kabla ya kumpima

Kipimo chochote utakachochukua kwa mgonjwa ambaye oksijeni imeshuka, shingo imepinda au sukari ni 2 kitakudanganya. Kwa hiyo anza hapa, kila mara, hata kama una haraka.

Nyanyua upande wa kichwa wa kitanda nyuzi 30. Kama uti wa mgongo bado haujathibitishwa kuwa salama, inamisha kitanda kizima badala ya kumkunja kiuno. Pua, kidevu na kitovu viwe kwenye mstari mmoja. Tazama kamba inayoshikilia mpira wa kupumulia: nimeona mara nyingi mno imefungwa kuzunguka shingo kwa nguvu, inabana vena, na damu inakosa njia ya kutoka kichwani. Kidole kimoja kipite chini yake bila shida. Kola ya shingo nayo hivyo hivyo.

Oksijeni isishuke chini ya asilimia 94. Presha ya damu, ile namba ya juu, isishuke chini ya 110, au 100 kwa mwenye miaka 50 hadi 69. Kama yuko kwenye ventileta, kaboni dayoksaidi ya damu iwe 35 hadi 40. Ukimpumulisha kwa kasi kupita kiasi mishipa ya damu inasinyaa, na vipimo vya Doppla, vya kasi ya damu, nitakavyovieleza mbele vitabadilika bila presha ya ubongo kupanda. Pima sukari na joto. Mpe dawa ya maumivu na ya usingizi ya kutosha, kwa sababu mgonjwa anayepigana na mashine anapandisha presha ya kichwa kila anapokohoa. Dripu iwe ya chumvi ya kawaida, siyo glukosi ya asilimia 5, ambayo maji yake huishia kwenye ubongo.

Subiri dakika kumi atulie. Kisha pima.

Hatua ya pili: Glasgow na mboni

Hiki ndicho kipimo kikuu, na ndicho kinachofanywa ovyo kuliko vyote. Alama za Glasgow zilitungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974 ili muuguzi wa asubuhi na wa usiku waseme lugha moja. Faida hiyo inapotea mtu anapoandika jumla tu. "GCS 7" haisemi kitu. Andika macho, sauti na mwendo kila kimoja peke yake; mwenye mpira kooni weka herufi T mahali pa sauti. Mwendo wa mikono na miguu ndio wenye uzito zaidi. Kama jana alikuwa anaupeleka mkono hadi kwenye maumivu na leo anakunja tu kiwiko, presha ya ubongo imekueleza jambo.

Muite kwa jina analoitwa. Hili nalisisitiza kwa moyo wote. Vijana wengi wa vijiweni hawajibu jina la kwenye fomu. Waulize ndugu wanamwitaje nyumbani, au waulize wenzake waliomleta. Nimemshuhudia mgonjwa tuliyemwandikia kuwa hafuati amri kwa siku nzima, akaja kaka yake, akamwita jina la utani la kijiweni, akainua vidole viwili. Tumia amri fupi za nyumbani: "Toa ulimi." "Inua vidole viwili." Usitumie "nishike mkono," maana mkono unaweza kushika wenyewe bila akili kuamuru. Na kama ametoka kijijini na Kiswahili si lugha yake ya kwanza, mwombe ndugu atoe amri kwa lugha yao.

Kwa mboni, punguza taa ya juu ya kitanda. Tumia tochi ndogo ile ile kila zamu, kwa sababu taa ya simu ya mmoja ina mwanga mara mbili ya ya mwenzake. Leta mwanga kutoka pembeni, hesabu hadi tatu, ondoa. Andika ukubwa kwa milimita, na kama inashtuka haraka, polepole, au haishtuki kabisa. Kope zikiwa zimevimba, ongeza nguvu kidogo kwa vidole viwili, lakini kama unahisi jicho limepasuka acha na uandike kwamba halikuonekana. Usiandike "sawa" kwa jicho usiloliona. Mboni iliyotanuka na kugoma upande mmoja ni dharura. Usisubiri kipimo kingine ndipo uite mpasuaji.

Rudia kila saa kwa siku tatu za mwanzo, kila nusu saa kama kuna wasiwasi. Kushuka kwa alama mbili, au alama moja ya mwendo, kunatosha kuinua simu.

Hatua ya tatu: soma CT-skani kwa jicho la presha

Huhitaji kuwa bingwa wa mionzi. Tafuta vitu vitatu. Kwanza, nafasi nyeusi za maji zinazozunguka shina la ubongo: zikiwa zimebanwa au zimetoweka, abiria wa kwanza ameshashuka. Pili, mstari wa kati: chora mstari kutoka mbele ya fuvu hadi nyuma, pima ukuta wa kati umesogea kiasi gani. Zaidi ya milimita 5 ni kubwa. Tatu, bonge la damu ambalo bado halijatolewa.

Wataalamu waliotengeneza utaratibu wa kutibu bila waya baada ya utafiti wa Bolivia na Ekwado walikubaliana kigezo rahisi, nacho nimekibandika ukutani. Kimoja kati ya hivyo vitatu kinatosha kukufanya umtibu kama mwenye presha kubwa. Kama hakuna hata kimoja, tafuta viwili kati ya vidogo hivi: alama ya mwendo 4 au chini, mboni zisizolingana, mboni isiyoshtuka vizuri, au CT yenye majeraha yaliyosambaa lakini nafasi za maji bado zipo. Kimoja kikubwa au viwili vidogo.

Kumbuka CT ni picha ya dakika moja. Ikipigwa saa moja baada ya ajali inaweza kuonekana nzuri wakati bonge linaendelea kukua. Sisi huomba ya pili ndani ya saa 24, na mapema zaidi hali ikibadilika. Ikiwa mashine imeharibika au foleni ya rufaa ni ndefu, ndipo hatua inayofuata inapopata thamani yake.

Hatua ya nne: ultrasaundi ya jicho

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hospitali nyingi za Dar es Salaam zina ultrasaundi, na wengi wanaoitumia kwa wajawazito na majeruhi wa tumbo hawajui kwamba mashine hiyo hiyo inaweza kuchungulia ubongo.

Neva ya macho si neva kama za mkononi. Ni mkono wa ubongo wenyewe, na umevikwa ala kama kisu. Kati ya neva na ala hiyo mna maji yale yale yanayozunguka ubongo. Presha ikipanda kichwani, maji yanasukumwa mbele na ala inavimba, kwa dakika, siyo kwa siku. Hapo ndipo inapoushinda uchunguzi wa zamani wa kuangalia uvimbe ndani ya jicho, ambao huchukua saa nyingi au siku kabla haujaonekana.

Kama kuna dalili yoyote kwamba jicho limepasuka, usiguse jicho hilo. Mengine yote yanajadilika, hili hapana.

Mgonjwa alale chali, kichwa kimeinuliwa. Funga kope, weka filamu nyembamba ya plastiki ya kufunikia vidonda ili jeli isiingie jichoni, kisha mimina jeli nyingi, kilima kizima. Chukua probu (kile kichwa cha mashine kinachogusa mwili) bapa, ile ya kuangalia mishipa ya damu, ya megahezi 7.5 au zaidi. Chagua mpangilio wa macho. Kama mashine haina, punguza nguvu ya mawimbi hadi kiwango cha chini kabisa kinachoonyesha picha, na usikae jichoni muda mrefu. Kina kiwe sentimita 4 au 5.

Sasa mkono. Egemeza kiganja kwenye paji la uso au shavu la mgonjwa, ili probu ielee juu ya jeli na isikandamize jicho. Ukikandamiza, mapigo ya moyo yanaweza kushuka. Ninawafundisha wanafunzi waache ukanda mweusi wa jeli uonekane juu kabisa ya skrini, ukitoweka, unabonyeza. Weka probu kwa mlalo juu ya kope, kuelekea upande wa nje kidogo, na uielekeze taratibu upande wa pua. Utaona duara jeusi, ndilo jicho. Mbele yake lenzi, kama kope nyeupe iliyofumba. Na nyuma, ukitulia, utaona mstari mweusi ukishuka kutoka ukutani mwa duara kwenda chini. Hiyo ndiyo neva na ala yake.

Simamisha picha pale mstari unapoonekana mnyoofu na kingo zake zote mbili ni kali. Kutoka ukuta wa nyuma wa jicho, shuka milimita 3 kamili. Hapo, kwa mstari wa mlalo unaokata neva kwa pembe mraba, pima upana wa ala kutoka ukingo hadi ukingo. Kosa la kawaida ni kupima kivuli cha lenzi badala ya ala: kivuli hupanuka kadiri kinavyoshuka na kingo zake zimefifia. Ukiwa na shaka, washa Doppla ya rangi; mshipa mdogo wa damu wa retina hupita katikati ya neva, hautaupata katikati ya kivuli.

Pima mara mbili kila jicho, mara moja kwa mlalo na mara moja kwa wima, kisha chukua wastani wa macho yote mawili.

Chini ya milimita 5 inatuliza. Zaidi ya 6 ni presha kubwa hadi ithibitike vinginevyo. Kati ya hapo ni eneo la kijivu, na tafiti zimeweka mpaka sehemu tofauti ndani yake, kwa hiyo usibishane na mwenzako juu ya 5.4 au 5.6. Uliza badala yake: ilikuwa ngapi saa sita zilizopita? Aliyekuwa na 4.8 akafika 5.6 ananitia wasiwasi kuliko aliyelazwa na 5.7 na amebaki hapo hapo siku nzima. Pia ala iliyovutwa sana inaweza kuchelewa kurudi hata baada ya presha kushuka; usimwongezee mtu manitoli, dawa ya kushusha presha ya ubongo, kwa ajili ya ala peke yake.

Kwa kuwa mpaka wa salama na hatari ni milimita moja tu, mkono usiozoea ni hatari. Wanaoanza wahesabu kama vipimo 25 chini ya usimamizi kabla ya kuaminiwa peke yao. Tupimane sisi kwa sisi, baada ya makabidhiano ya zamu. Macho ya wenzangu nayafahamu kwa milimita.

Hatua ya tano: Doppla ya fuvu

Kwa hii unahitaji probu ya moyo, ya megahezi 2 hivi. Iweke juu kidogo ya mfupa wa shavu, mbele tu ya sikio, mahali ambapo fuvu ni jembamba. Zungusha taratibu hadi uone umbo la kipepeo jeusi katikati, ndilo shina la juu la ubongo. Washa rangi. Mshipa mkuu wa kati utauona kwenye kina cha milimita 45 hadi 60, damu ikija kuelekea probu. Kwa baadhi ya watu, hasa wazee, mfupa hauruhusu mawimbi kupita kabisa. Usiharibu nusu saa, andika "hakuna dirisha" na uendelee na jicho.

Unasoma kasi tatu: ya juu, ya chini na wastani. Presha ya ubongo inapopanda, kasi ya chini ndiyo inayoanguka kwanza, kwa sababu moyo unapopumzika damu inakosa nguvu ya kuingia. Chini ya sentimita 20 kwa sekunde ni kengele. Ile PI inayoonekana kwenye skrini, kipimo cha mdundo wa damu, ni kasi ya juu kutoa ya chini, gawanya kwa wastani. Kawaida ni 0.6 hadi 1.1, na ikipita 1.4 usilale.

Marek Czosnyka na wenzake wa Cambridge walitoa mwaka 1998 kanuni ya kukadiria nguvu ya kusukuma damu: wastani wa presha ya damu, zidisha kwa kasi ya chini, gawanya kwa kasi ya wastani, ongeza 14. Mfano: wastani wa presha 85, kasi ya juu 80, ya chini 35, wastani 50. Unapata 85 × 0.7 + 14, yaani 73.5. Toa kwenye 85, presha ya ubongo inakadiriwa 11.5. Mgonjwa mwingine, presha ile ile ya 85, lakini kasi ya juu 90, ya chini 20, wastani 43: PI imefika 1.6, nguvu ya kusukuma ni kama 53.5, na presha ya ubongo inakadiriwa 31.5.

Usiandike 31.5 kwenye faili kana kwamba ni waya uliosema. Andika "Doppla inaashiria presha kubwa". Kanuni hii ina nguvu zaidi katika kukuambia kwamba presha haijapanda kuliko kukuambia imepanda kiasi gani. Presha ya damu iliyoshuka na kaboni dayoksaidi iliyopungua huleta picha hiyo hiyo, ndiyo maana nilisisitiza hatua ya kwanza.

Vifaa vingine vipo. Kuna kifaa cha kupima mboni kwa kamera, kinachotoa alama 0 hadi 5, na chini ya 3 si kawaida. Kuna mkanda wa kichwani uliotokana na kazi ya mwanafizikia Sérgio Mascarenhas wa Brazili, ambaye yeye mwenyewe aliugua ugonjwa wa maji kujaa kichwani, akachoshwa na wazo la kutobolewa fuvu, akaonyesha kwamba hata mfupa wa mtu mzima hutanuka kidogo mno kwa kila pigo la moyo. Ukiwa navyo, vitumie. Usivisubiri.

Hatua ya sita: kuunganisha na kutenda

Kipimo kimoja kikiwa kibaya na vingine vizuri, rudi hatua ya kwanza, sahihisha, rudia baada ya nusu saa. Viwili vikikubaliana, tibu. Mboni ikigoma, tibu na uite papo hapo.

Manitoli ni gramu 0.25 hadi 1 kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 60, nusu gramu kwa kilo ni gramu 30, yaani mililita 150 za manitoli ya asilimia 20, kwa dakika 15 hadi 20. Itazame chupa kwenye mwanga kwanza: kwenye vyumba vyetu vyenye kiyoyozi hufanya chembe kama chumvi, na inabidi ipashwe joto ziyeyuke. Weka katheta ya mkojo kabla, na fidia maji anayotoa. Mwenye presha ya damu ya chini usimpe manitoli. Mpe chumvi ya asilimia 3, mililita 250 kwa muda huo huo. Kupumulisha kwa kasi ni daraja la dakika chache tu kuelekea chumba cha upasuaji. Steroidi hapana: utafiti wa CRASH, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000, ulisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu waliopewa walikufa wengi zaidi.

Kisha pima tena. Ala, kasi ya chini, mboni, mwendo. Dawa isiyofuatwa na kipimo ni dawa iliyotolewa gizani.

Kama uko Temeke, Amana, Mwananyamala au hospitali binafsi, na mgonjwa anahitaji mpasuaji wa ubongo, piga simu Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, kabla gari haijaondoka. Soma namba kwa mfuatano wake: saa nne usiku mwendo 5, ala 4.9, saa saba mwendo 4, ala 5.8, mboni ya kushoto inachelewa. Mpokeaji akisikia hivyo anaanza kuandaa chumba. Akisikia "hali mbaya, GCS 7", anasubiri amwone kwanza. Karatasi ya vipimo isafiri na mgonjwa, siyo ndani ya faili litakalobaki mapokezi. Na njiani, hata kama foleni ya Morogoro Road imekaza, kichwa kibaki juu nyuzi 30 na mtu mmoja awe na tochi mkononi.

Ndugu

Watakuuliza. Mama mmoja aliniona na jeli machoni mwa mwanawe akasema, "Dokta, mwanangu ameumia kichwa, mbona unamtibu macho?" Nikamvutia kiti. "Mama, shikamoo. Jicho ni dirisha. Huku nyuma pana kamba inayotoka kwenye ubongo. Ubongo ukivimba, na yenyewe inavimba. Ninaipima ili nisimtoboe." Akaomba aione. Nikamwonyesha mstari mweusi kwenye skrini. Tangu hapo kila saa ya kipimo ilipokaribia alikuwa amesimama mlangoni, akimkumbusha muuguzi.

Waeleze pia tofauti ya presha hii na ile ya moyo, la sivyo mtu atamletea mgonjwa vidonge vya presha vya baba yake kwa nia njema kabisa.

Lini unaacha

Uvimbe wa ubongo mara nyingi hufika kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, kwa hiyo usilegee siku ya pili kwa sababu usiku wa jana ulikuwa mtulivu. Mimi hupunguza vipimo vya ultrasaundi hadi kila saa 12 pale mgonjwa anapokaa saa 24 bila dozi ya manitoli na CT ya marudio haijaharibika. Dawa ya usingizi inapunguzwa kidogo kidogo, na Glasgow inabaki kila saa wakati huo wote, kwa sababu ndipo uvimbe uliofichwa na usingizi unapojitokeza.

Siku anayoinua vidole viwili kwa amri, mara mbili, kwa watu wawili tofauti, kipimo cha jicho kimemaliza kazi. Naondoa filamu, nafuta jeli kwa pamba yenye maji ya chumvi kutoka pembe ya ndani kwenda nje, nafunga kope macho yasikauke, naandika saa.